Chuo Kilichozaliwa Frere Town, Kikakulia Limuru

Frere Town, mtaa wa bara ya Kisauni unaotazamana na kisiwa cha Mombasa, ulitimiza miaka 150 mwaka 2025. Wengi wanaujua kwa kengele yake ya kale, iliyokipa jina kituo cha matatu cha Kengeleni. Wachache wanajua kwamba Chuo Kikuu cha St Paul's cha Limuru kilianzia hapa, au kwamba elimu ya hapa ilivuka bahari tangu mwanzo, kabla neno utandawazi halijasikika.

Shirika la wamishenari wa Kianglikana, CMS, lilianzisha makazi hayo mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa majahazini. Jina lilitokana na Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay. Msimamizi wa kwanza, William Salter Price, naye alitoka India, ambako aliwafundisha Waafrika waliookolewa baharini katika kituo cha Nasik. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alisindikiza maiti ya David Livingstone hadi Uingereza mwaka 1874.

Waliorudi kutoka India walijua Kiingereza, ufundi na Biblia. Mwanahistoria Robert Strayer, katika kitabu chake cha 1978 kuhusu jumuiya za misheni, anasisitiza mvutano uliofuata. Wasomi hao walijiona wenzi wa Wazungu katika kazi. Wamishenari wengi waliwaona wasaidizi wenye majivuno.

Kisa cha William Jones kinaonyesha uzito wa mzigo waliobebeshwa. Alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akasomeshwa India, akaja kufanya kazi Rabai katika miaka ya 1860. Zaidi ya miaka 20 ilipita kabla Askofu James Hannington hajampa ushemasi, mwaka 1885, pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Mwaka huo huo Jones alifuatana na askofu kwenda Uganda. Walipofika kwa Mumia, mtawala wa Wanga, Hannington alitangulia na wapagazi wapatao 50, akamwachia Jones waliobaki. Oktoba askofu aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones alingoja, habari zilipothibitika akaurudisha msafara pwani mapema mwaka 1886, ukitanguliwa na bendera ya buluu iliyoshonwa kwa herufi nyeupe neno la Kiebrania Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Aliyehesabiwa msaidizi ndiye aliyewavusha watu wale nyika nzima hadi nyumbani.

Mwaka 1903 shule ya kufundisha wahudumu wa kanisa ilifunguliwa Frere Town, ili masomo hayo yapatikane papa hapa pwani. Mwaka 1930 ilihamishiwa Limuru. Baadaye Wapresbiteri na Wamethodisti walijiunga nayo, na mwaka 2007 ikapata hati ya chuo kikuu. Bara ya Kisauni ilibaki na kanisa na kengele.

Chuo kikubwa kilichofuata Mombasa kilijengwa kisiwani, Tudor, kwa fedha za ng'ambo vilevile. Sultani wa Zanzibar na Aga Khan walitoa pauni 100,000 kila mmoja kwa taasisi ya elimu ya Waislamu iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 1951. Sasa ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2013, mwaka mmoja na Chuo Kikuu cha Pwani cha Kilifi.

Siku hizi vijana wa Kisauni, Likoni na Changamwe hufuata shahada hadi Malaysia, Uturuki na India. Wakenya wengi wamesoma Pune, katika jimbo la Maharashtra, ambamo Nasik nayo imo. Safari hizo zina faida. Lakini mtaa uliozaa chuo kikuu unastahili kutajwa katika masomo ya historia kwa chuo hicho, na akina Jones kwa majina yao. Kengele peke yake haitoshi.