Kura Moja ya Shinyanga: Fulana, Pilau na Siasa za Noti

Oktoba 31, 2010, watu wa Shinyanga Mjini walipiga kura kama Watanzania wengine. Matokeo ya ubunge yakatoka: mshindi kamzidi mpinzani wake kwa kura moja. Moja tu! Ukisimuliwa kijiweni unaweza kudhani ni chai, lakini ndivyo ilivyotangazwa. Hapa hakuna anayesema kura ile ilinunuliwa. Ila inakufanya ujiulize: hivi kura moja ni shilingi ngapi?

Enzi za jembe na nyumba

Rudi nyuma hadi 1965. Chama kilikuwa kimoja, Bara ni TANU tu, lakini majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Walipanda jukwaa moja, mikutano iliandaliwa na chama, na hakuna aliyeruhusiwa kumwaga hela zake kujipigia debe.

Tusidanganyane, uhuru ulikuwa finyu. Upinzani hakuna, na majina yalichujwa juu. Lakini mwenye nacho na asiye nacho walisimama sawa mbele ya wananchi. Na wananchi hawakuogopa mtu: kanda ya ziwa, kule Mwanza, Waziri wa Fedha mwenyewe aliangushwa.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha likawabana viongozi: marufuku mishahara miwili, nyumba za kupangisha wala hisa kwenye kampuni. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza kamba hiyo. Mwaka uliofuata vyama vingi vikarudishwa, na 1995 ukafanyika uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo. Yaani mlango wa ushindani na mlango wa noti ilifunguka karibu kwa pamoja.

Vyama vyenye njaa

Ruzuku ya serikali inagawiwa kwa kuangalia kura na viti. Mwenye vingi anaongezewa, chama kichanga kinabaki kumtafuta mgombea mwenye gari lake, mafuta yake na spika zake. Sasa mtu akishajilipia kila kitu, nani ndani ya chama atathubutu kumwambia "hapana mheshimiwa"?

Vyama vikubwa navyo havijapona. Kwenye ngome ya chama, ukishinda kura za maoni ni kama umeshamaliza kazi. Ndiyo maana mshiko unaanza kutembea hata kabla kampeni hazijafunguliwa.

Takrima ikaja

Mwaka 2000 Bunge likarekebisha sheria ya uchaguzi. Ukarimu wa kawaida au wa kiasili, ukifanywa kwa nia njema, usihesabiwe kuwa rushwa. Mtaani ikaitwa takrima. Pilau, soda, khanga, fulana, vyote vikapata pa kujificha.

Cha kushangaza, kwa Wasukuma kama ilivyo kwa Waswahili wengine, mwenyeji ndiye anayemkirimu mgeni. Hapa mgeni anakuja na sufuria zake, anamlisha mwenyeji, halafu anaondoka na kura. Ukarimu gani huo?

Swali hilo likafika Mahakama Kuu, lilipelekwa na mashirika ya kutetea haki, likiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Aprili 2006 majaji wakavifuta vifungu vya takrima. Walisema vinakwenda kinyume cha Katiba, kwa sababu vinamwacha mgombea asiye na kitu nyuma ya mwenye nacho. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi: matumizi yana ukomo, na vyama na wagombea wanatakiwa kuweka wazi hela inatoka wapi.

Lakini karatasi haimzuii mtu kupokea bahasha usiku.

Hapo ndipo dhahabu inapoingia

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kazi mwaka 2000. Bulyanhulu, kule Kahama, ukafuata 2001. Angalia miaka hiyo vizuri: ndiyo miaka ambayo takrima ilikuwa halali.

Sasa angalia mrabaha, ile sehemu ya thamani ya dhahabu ambayo kampuni inalipa serikalini. Chini ya sheria ya 1998 ulikuwa asilimia 3. Sheria ya 2010 ikaupandisha hadi 4, na mabadiliko ya 2017 yakaufikisha 6. Haukupanda wenyewe. Wabunge walikaa Dodoma wakapitisha, na hao hao, au waliowatangulia, ndio walioupitisha ukiwa 3.

Kwa hiyo kijana anayeshinda kwenye karasha akisubiri mfuko wake wa mawe usagwe anapopewa fulana na elfu tano, anadhani anauza kipande cha karatasi. Kumbe anauza mkono utakaonyooshwa siku ya kupanga dhahabu ya kwao ilipe nini. Na aliyenunua hana deni naye tena. Alishalipa. Atakayemkumbuka ni yule aliyemkopesha hela za kampeni.

Mhenga alisema mkono mtupu haulambwi, na wagombea wameushika msemo huo kweli kweli. Ila siku mtu akikwambia "chukua tu hela, kura yako moja itabadilisha nini?", mkumbushe Shinyanga Mjini, 2010.

Wewe je, umewahi kupewa fulana ya kampeni? Na aliyekupa alirudi?