Mhariri na Mashua ya Mtumba

Ukitaja yoti hapa mjini, wengi wetu tunawaza matajiri: miwani myeusi, mvinyo, chombo cheupe kimeegeshwa Msasani. Habari za Robert Manry zinaivuruga kabisa picha hiyo.

Manry alikuwa mhariri msanifu wa gazeti la Plain Dealer la Cleveland, Marekani. Kwa wale msiofanya kazi magazetini, mhariri msanifu ndiye anayesahihisha makosa yetu waandishi, anapunguza maneno na kutunga kichwa cha habari. Jina lake halitokei popote. Sisi tunatoka na kurudi na sifa, yeye anabaki kwenye kiti.

Mwaka 1958 mhariri huyo alinunua mashua ya tanga kwa dola 160. Ilikuwa mtumba hasa, imeshatumika miaka kama 30, na urefu wake futi 13 na nusu tu. Hiace ya abiria ni ndefu kuliko hiyo! Akaiita Tinkerbelle, akaanza kuifanyia matengenezo. Siku za mapumziko alikwenda nayo ziwani pamoja na mkewe Virginia na watoto wao wawili.

Kumbe kichwani alikuwa na safari nyingine. Mwanzoni alipanga kuvuka Atlantiki na rafiki yake katika mashua ya futi 25. Rafiki akajitoa. Manry hakuahirisha, aliamua kwenda peke yake na Tinkerbelle. Kazini aliomba likizo, na wenzake wengi akawaacha waendelee kuamini kwamba anasafiri na yule rafiki katika ile mashua kubwa.

Je, alikuwa kichaa? Mimi nasema hapana, na sababu iko kwenye mashua yenyewe. Chombo kidogo baharini kina hatari kubwa mbili: kujaa maji kikazama, na kupinduka kisiinuke. Kwa hatari ya kwanza alijaza ndani ya mashua lile povu jepesi la plastiki ambalo hufungiwa televisheni mpya, ili hata ikijaa maji iendelee kuelea. Kwa hatari ya pili aliweka chini yake ubao mzito wa chuma, ili ikilala ubavu uzito uirudishe wima. Akajenga na kijumba kidogo cha kulala. Hiyo ilikuwa kazi ya miaka. Wakati wenzake wanamwona mtu mpole anayesahihisha nukta na koma, yeye alikuwa anapiga hesabu za mawimbi.

Tarehe 1 Juni 1965 aling'oa nanga Falmouth, Massachusetts, akielekea mji mwingine unaoitwa pia Falmouth, huko Cornwall, Uingereza. Mbele yake kulikuwa na maili zipatazo 3,200. Wewe uliyewahi kutapika kwenye boti ya Unguja, fikiria umbali huo zaidi ya mara 60, tena peke yako.

Haikuwa lelemama. Mawimbi yalimtupa baharini mara kadhaa, na kilichomwokoa ni kamba aliyojifunga na mashua. Usukani ulivunjika, akautengeneza papo hapo. Kwa kukosa usingizi alianza kuona watu wasiokuwepo na kuzungumza nao. Lakini Tinkerbelle ilielea.

Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu sisi wa magazeti. Habari zilipoanza kuvuma, aliyewahi kumfikia alikuwa Bill Jorgensen, mtangazaji wa kituo cha televisheni cha WEWS, cha huko huko Cleveland. Alikodi chombo cha wavuvi, akamfuata Manry baharini kabla hajafika Uingereza na kumhoji. Plain Dealer likapigwa bao kwa habari ya mfanyakazi wake mwenyewe! Chumba kizima cha waandishi, na habari kubwa ya mwaka ilikuwa imekaa meza ya jirani ikiwasahihishia sarufi. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi.

Gazeti lilizinduka, likaipeleka familia yake Uingereza kumlaki. Tarehe 17 Agosti 1965, baada ya siku 78, Manry aliingia Falmouth akisindikizwa na mamia ya vyombo, huku maelfu ya watu wakimsubiri pwani. Mwaka uliofuata alitoa kitabu alichokiita kwa jina la mashua yake. Baadaye alinunua yoti kubwa zaidi, akasafiri na familia yake yote.

Virginia alifariki katika ajali ya gari mwaka 1969. Manry alimfuata mwaka 1971 kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 52. Hesabu mwenyewe: tangu siku ile ya shangwe pale Falmouth, alibakiwa na chini ya miaka sita. Kama angesubiri kustaafu, au kusubiri fedha za mashua mpya, safari isingekuwepo.

Tinkerbelle ilihifadhiwa kwenye jumba la makumbusho mjini Cleveland. Nami tangu niisome habari hii, wahariri wasanifu wa ofisini kwetu nawaangalia kwa jicho jingine. Kesho nitamuuliza mmoja wao wikiendi huwa anafanya nini.