Marufuku, Kibali na Alama za Vidole: Mfuatano wa Misingi ya Serikali Mtandao Tanzania, 1965–2023

Historia ya serikali mtandao nchini Tanzania kwa kawaida huanzishwa na Sera ya Taifa ya TEHAMA ya mwaka 2003. Mwanzo huo una urahisi wake, kwa kuwa sera ni waraka unaosomeka na wenye tarehe. Hata hivyo, unaficha jambo zito: miaka 29 kabla yake Serikali ilikwisha kujiwekea msingi wake wa kwanza kuhusu kompyuta, nao ulikuwa ni kuzizuia.

Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Jaribio lililofuata la kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine halikufanikiwa. Utaalamu ulitegemea wageni, na vipuri vililipiwa kwa fedha za kigeni. Mwaka 1974, bei ya mafuta ikiwa imepanda duniani na akiba ya fedha za kigeni ikipungua, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku isipokuwa kwa kibali maalumu. Ni rahisi kuisoma hatua hiyo kama woga wa maendeleo, lakini usomaji huo hautoshi. Kibali, kwa asili yake, humlazimu mwombaji aeleze mashine ni ya kazi gani, na kwa nini kazi hiyo haiwezi kufanyika bila mashine. Swali hilo lilipotea pale vikwazo vilipolegezwa hatua kwa hatua katika kipindi cha mageuzi ya uchumi, na kila wizara ikaanza kununua kwa kadiri ya wafadhili wake.

Matokeo yake yanafahamika. Wakala ya Serikali Mtandao, iliyoanza kazi mwaka 2012, ilikuta mifumo iliyojengwa kila mmoja kivyake. Ilikuwa na jukumu la kuratibu bila nguvu ya kutosha ya kuamuru. Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya 2019, iliigeuza Wakala kuwa Mamlaka na kuzitaka taasisi za umma kuwasilisha kwake miradi yao ya TEHAMA. Hapa ndipo kibali cha 1974 kinaporudi kwa sura nyingine: wakati ule udhibiti uliwekwa bandarini, safari hii umewekwa kwenye andiko la mradi.

Msingi wa mifumo kusomana (kitenzi kilichoteuliwa vizuri, kwa kuwa kinadai usawa kati ya wasomanao) umetekelezwa kwa viwango tofauti. Ulifanikiwa mapema zaidi palipokuwa na fedha. Mfumo wa kielektroniki wa Serikali wa ukusanyaji wa mapato, uliobuniwa na wataalamu wa ndani na kuanza kutumika mwaka 2017, uliziunganisha taasisi, benki na kampuni za simu kwa namba moja ya kumbukumbu ya malipo. Hazina ilikuwa na sababu ya kulazimisha. Kwingineko, miaka kadhaa baada ya sheria ya 2019, viongozi wa kitaifa walikuwa bado wanahimiza mifumo isomane.

Uliochelewa kuliko yote ni msingi wa kumlinda mwananchi. Ibara ya 16 ya Katiba, iliyoingizwa pamoja na Haki za Binadamu mwaka 1984, inatambua haki ya faragha, na ibara ndogo ya pili inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kisheria kuhusu namna haki hiyo inavyoweza kuingiliwa. Zilikuwapo sheria za kisekta. Kwa mfano, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 iliwabana watoa huduma kutunza siri za wateja. Sheria ya jumla ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipatikana mwaka 2022, miaka 38 baada ya ibara hiyo.

Katika pengo hilo ndipo ulipofanyika usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza tarehe 1 Mei 2019. Msajiliwa alitakiwa kuwa na namba ya kitambulisho cha taifa. Foleni kwenye ofisi za NIDA zikawa ndefu, na ukomo uliopangwa Desemba 31 ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Hali iliyofanana nayo ilitokea Kenya, ambako usajili wa Huduma Namba wa mwaka 2019 ulitangulia sheria ya kulinda data iliyopitishwa Novemba mwaka huohuo. Tofauti ni kwamba huko wananchi walikwenda mahakamani, na Januari 30, 2020 Mahakama Kuu iliamua kuwa mpango huo usiendelee mpaka uwekewe kanuni kamili za kisheria.

Sheria ya Tanzania ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, miaka minne kamili tangu siku ya kwanza ya usajili wa laini. Inawataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa wajisajili kwa Tume. Alama za vidole za waliosajili laini zao kabla ya hapo zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa.