Kutoka Boma hadi Parole: Historia ya Kufunguliwa kwa Mfungwa katika Nyanda za Juu Kusini

Parole ni utaratibu wa kisheria unaomwezesha mfungwa kutoka gerezani kabla ya kifungo chake kwisha, akatumikia sehemu iliyobaki akiwa kijijini au mtaani kwake, chini ya uangalizi na kwa masharti ambayo akiyavunja hurudishwa ndani. Neno hilo lina asili ya Kifaransa, nalo hudokeza ahadi ambayo mtu huitoa kwa heshima yake na kushikwa nayo. Nchini Tanzania utaratibu huu ni wa miaka ya karibuni, lakini swali linalobebwa nao ni la zamani, nalo ni hili: ni nani mwenye kauli juu ya kurejea kwa mkosaji miongoni mwa watu aliowakosea? Historia ya Mbeya na Iringa yaonyesha kwamba kauli hiyo ilikuwa mikononi mwa jamii, ikachukuliwa na dola, kisha ikarudishwa kwa jamii kwa sehemu tu.

Kabla ya ukoloni, Wanyakyusa wa Rungwe na Wahehe wa Iringa hawakuwa na desturi ya kumfungia mtu chumbani kwa miaka iliyohesabiwa. Makosa mengi yalimalizwa kwa fidia, hasa ya ng'ombe, ambayo ukoo wa mkosaji uliilipa kwa ukoo wa aliyekosewa, na upatanisho huo ndio uliomrudishia mkosaji nafasi yake. Wajerumani walipojenga maboma yao Iringa na Tukuyu, mji ambao wao waliuita Neu-Langenburg, walileta adhabu za namna nyingine, yaani viboko, maarufu kwa jina la hamsa ishirini, na kazi za kulazimishwa ambazo wafungwa walizifanya wakiwa wamefungwa minyororo shingoni. Tangu hapo aliyekosewa hakuulizwa tena, kwa kuwa mfungwa alikuwa mali ya boma, na siku ya kufunguliwa kwake iliamuliwa na boma.

Chini ya Waingereza, Idara ya Magereza ilitenganishwa na Polisi mwaka 1931, katika kipindi kilekile ambacho Mbeya, mji uliokua kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, ulikuwa unageuka kuwa kitovu cha utawala wa nyanda hizo. Katika mfumo uliorithiwa kutoka kwa Waingereza, na ambao Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 iliudumisha, mfungwa mwenye bidii na mwenendo mwema hupata punguzo la theluthi moja ya kifungo, kiasi kwamba aliyehukumiwa miaka 9 hutarajia kutoka baada ya miaka 6. Punguzo hilo lilimpa mfungwa sababu ya kujichunga, lakini lilikuwa hesabu ya siku iliyofanywa ndani ya kuta, wala halikuuliza kama huko anakokwenda kuna mtu wa kumpokea.

Miaka ya mwanzo ya uhuru haikulegeza mkono. Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu ya mwaka 1963, iliyolenga makosa kama rushwa na wizi wa mali ya umma, iliamuru viboko 24, ambavyo 12 vilichapwa mfungwa alipoingia na 12 alipotoka, na watu wakazoea kusema kwamba hivyo vya mwisho ni vya kwenda kumwonyesha mkewe. Viboko hivyo viliondolewa kwa sheria ya mwaka 1972, japo adhabu ya viboko ilirudi baadaye. Wakati huohuo lugha ya urekebishaji, yaani kumfunza mfungwa kazi na tabia za kumfaa uraiani, ilikuwa ikipata nguvu, na magereza ya kilimo kama Songwe mkoani Mbeya na Isupilo wilayani Mufindi yakawa mahali ambapo mfungwa alishika jembe sawa na mkulima yeyote wa nyanda hizo.

Parole yenyewe ililetwa na Sheria ya Bodi za Parole Na. 25 ya mwaka 1994, iliyorekebishwa na Sheria Na. 5 ya mwaka 2002. Kwa utaratibu huo, anayefikiriwa ni mfungwa wa miaka 4 au zaidi ambaye amekwisha kutumikia theluthi moja ya kifungo chake na kuonyesha tabia njema. Kwa hiyo yule wa miaka 9 anaweza kufikiriwa baada ya miaka 3, yaani nusu ya muda ambao angeusubiri kwa punguzo la kawaida. Mlango huo haukufunguliwa kwa wote, kwani wenye kifungo cha maisha na waliopatikana na hatia ya unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya au ubakaji waliachwa nje. Shauri la mfungwa huanzia kwa uongozi wa gereza, hupitia Bodi ya Parole ya Mkoa na Bodi ya Taifa, kisha hufikishwa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi mwenye idhini ya mwisho.

Katika safari hiyo ya karatasi, maandalizi ya mfungwa huwa na pande mbili. Upande wa ndani ni kumbukumbu zake, yaani mwenendo wake mbele ya askari na wafungwa wenzake, bidii yake shambani au karakanani, na ufundi aliojifunza, uwe useremala, ujenzi au ushonaji. Upande wa nje ndio ulio mgumu zaidi, kwa sababu taarifa inayofika mbele ya bodi haiishii kwenye tabia ya mfungwa, bali hugusa pia ndugu zake, viongozi wa kijiji au mtaa wake, na hisia za waliotendewa kosa. Mfungwa aliye Gereza la Ruanda jijini Mbeya, ambaye nduguze wako Busokelo au Mufindi, husaidiwa na kila barua na kila ziara iliyodumisha undugu, maana ukoo uliomsahau hauna neno la kumsemea, na asiye na nyumba ya kufikia hana mahali pa kusimamiwa. Kwa aliyekamatwa akiwa mpita njia katika barabara kuu iendayo Tunduma, huku kwao kukiwa mikoa ya mbali, ugumu huo huongezeka.

Parole haina budi kutofautishwa na msamaha wa Rais, ambao msingi wake ni ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 1977. Msamaha hutolewa kwa wengi kwa siku moja, kama ilivyokuwa tarehe 9 Desemba 2017 Rais John Magufuli alipotangaza msamaha uliowagusa wafungwa 8,157, ilhali parole humpima mtu mmojammoja na kuendelea kumfuatilia. Historia ya taasisi hiyo ina sadfa yake pia: Augustino Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliteuliwa mwaka 2016 kuwa mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole, akawa miongoni mwa waliozungumzia hadharani msongamano magerezani.

Utaratibu huu, ijapokuwa umeandikwa kwa lugha ya mabodi na fomu, umerudisha katika nyanda hizi jambo ambalo boma lililiondoa. Mzee wa kijiji cha Rungwe anapoulizwa kama mtu fulani anaweza kurudi kuishi jirani na wale aliowadhulumu, anaulizwa swali ambalo mababu zake walilijibu kwa ng'ombe. Tofauti ni kwamba zamani jibu la ukoo lilimaliza shauri, ilhali leo ni maoni ndani ya jalada, na uamuzi bado ni wa dola. Kwa sababu hiyo mfungwa anayeiandaa parole yake hutengeneza mambo mawili kwa wakati mmoja, jalada lake gerezani na jina lake nyumbani, na mara nyingi hilo la pili ndilo linalochukua miaka mingi zaidi.