Kwa nini app inajifunga ghafla? Iangalie RAM kwanza

Uko Mgori, Singida, simu yako ina RAM ya GB 1. Unafungua app, ghafla inajifunga. Wengi hukimbilia kufuta picha, lakini picha zinakaa kwenye memori ya kuhifadhia. Tatizo liko kwenye RAM.

App nyingi za Android huandikwa kwa Java au Kotlin na kuendeshwa na ART, mashine pepe iliyochukua nafasi ya Dalvik kwenye Android 5.0, mwaka 2014. Kila ujumbe, kitufe au orodha unayoiona huundiwa "kitu" chake ndani ya RAM, na ART ndiyo inayokigawia nafasi.

Fikiria ghala la alizeti. Zamani ilibidi uzunguke kutafuta pengo linalotosha gunia. Tangu Android 8.0 (2017), kila kazi inayoendelea ndani ya app hupewa kipande chake cha ghala, na gunia jipya linawekwa pale lilipoishia la mwisho. Hakuna kutafuta, hakuna foleni. Ni haraka mno.

Nafasi ikipungua, anaingia mfagiaji: vitu vinavyotumika huhamishiwa kipande kingine, kile cha zamani kinabaki kitupu. Ila kitu ambacho app bado imekishikilia hakitupwi, hata kama hakina kazi tena. App iliyoandikwa hovyo inashikilia kila kitu mpaka inagonga kikomo chake, halafu inajifunga.

Na zile app za "kusafisha RAM"? Nazo zinakula RAM hiyohiyo.