Kompyuta ya Hazina na lugha iliyokufa

Juzi nilikuwa mtaa wa Msimbazi nasaka flashi, laptop za mtumba zimepangwa kama viatu. Nikawaza, kumbe kuna wakati nchi hii kuingiza kompyuta ilikuwa marufuku! Darasani wenzangu wengi hawaamini. Basi ngoja niwape.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500 ya Waingereza. Waingereza kwa jina tu, maana ndani ilikuwa RCA 301 ya Marekani iliyobandikwa lebo nyingine (Kariakoo hatukuanza sisi hiyo michezo!). Sasa uchungu uko hapa. Septemba 1964 ICT hao hao walishatangaza mashine mpya za 1900, zenye lugha yake tofauti kabisa. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya 1500, ukiipeleka kwenye 1900 ni takataka, unaandika upya mstari kwa mstari. Yaani tulifungiwa mashine ambayo ukoo wake unaishia hapo.

Dawa ilikuwepo lakini. Desemba 1963 Honeywell walitangaza mashine yao ya 200 pamoja na programu iitwayo Liberator. Kazi yake kuchukua programu za IBM 1401 na kuzigeuza yenyewe ziende kwenye Honeywell, mteja anahama na kazi yake ya miaka yote. IBM wakashtuka, Aprili 1964 wakaja na System/360, baadhi zikiwa na uwezo wa kuiiga 1401. Ila angalia kigeuzi anatengenezewa nani: 1401 zilikuwa zaidi ya 10,000 duniani. Kwa ajili ya Hazina ya Dar nani angejisumbua jamani?

Mahesabu ya serikali kwa kompyuta yakaleta hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, pamoja na televisheni. Mtaani utasikia eti ujamaa uliogopa mashine. Mimi sikubali. Sisemi lugha peke yake ndiyo iliyoua mradi, wataalamu wetu nao walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, lakini mteja aliyeumwa na nyoka ana haki ya kuogopa jani.

Halafu cheki hii: marufuku inatoka, RCA walishatangaza kuachana na biashara ya kompyuta tangu 1971, na ICT ilishaunganishwa ikawa ICL mwaka 1968. Hata ungetaka kurudisha mzigo, ungempelekea nani?