Mbiu ya Bob Bruninga

Mwaka 1984, kwenye mbio za farasi za maili 100 huko Marekani, kompyuta ya VIC-20, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 5 tu ilipotoka kiwandani, ilipewa kazi ya kumtoa jasho karani: kujua kila farasi amefika wapi na yu hali gani. Programu iliandikwa na Bob Bruninga, mhandisi wa Chuo cha Jeshi la Wanamaji kilichoko Annapolis. Miaka miwili kabla yake alikuwa amekwisha kuifundisha kompyuta ya Apple II kuchora kwenye ramani taarifa za mahali zilizoletwa na redio za wanamaji kwa mawimbi mafupi.

Bruninga alikuwa pia mwanaredio wa ridhaa, mwenye leseni ya kurusha mawimbi kwa mapenzi tu, bila ujira. Wenzake siku hizo walitumiana data kwa kanuni ya AX.25, nao waliitumia kama simu: huyu anamwita yule, yule anaitika, na kila kipande cha ujumbe kinangoja jibu la "nimepata". Kwa barua hakuna neno. Lakini mafuriko yakitokea na watu ishirini wanataka habari ileile, kumwambia mmoja mmoja kutaziba masafa yote.

Yeye akaondoa kuitikiana. Kituo kinatamka, mwenye sikio anasikia, na vituo vya kurudia vilivyowekwa vilimani vinadaka ujumbe na kuusukuma mbele. Ukipotea, mwingine unakuja baada ya dakika chache. Kwetu jambo hili si geni: mpiga mbiu ya mgambo hagongi kila mlango kuuliza kama amesikika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vipokezi vya GPS vilipoanza kupatikana, mfumo ukaitwa APRS, herufi tatu za mwanzo zikiwa zimechomolewa kwenye alama ya wito ya Bruninga, WB4APR. Kwa Kiswahili, jina lile lilimaanisha kuripoti mahali kiotomatiki, na hapo ndipo balaa ilipoingia. Watu wakadhani kazi yake ni kutazama magari yakitambaa kwenye ramani. Baadaye "mahali" pakabadilishwa kuwa "pakiti", herufi P ya Kiingereza ikabaki ileile, lakini dhana haikufutika. Kwa miaka mingi Bruninga alirudia kwamba mahali ni habari moja tu kati ya nyingi. Alichotaka ni mtu akiwasha redio ajue papo hapo nani yuko karibu, kuna nini, na azungumze naye kwenye masafa gani.

Hali ya hewa inathibitisha hoja yake, maana kipimamvua hakiendi popote. Mwanaredio anafunga vipimo nyumbani, na kila baada ya dakika kadhaa kituo kinatoa mstari mmoja: g ni kasi ya mvumo wa upepo, t joto, r mvua ya saa iliyopita. Umarekani wake haujifichi. Joto ni la Farenhaiti na mvua ni ya sehemu za mia za inchi, hata kwa Mjerumani aliyezoea Selsiasi na milimita.

Mistari hiyo ilipounganishwa na intaneti, wanaredio wakaanzisha mpango wa CWOP, uliofikisha vipimo vya majumbani kwa NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga. Baadaye mlango ukafunguliwa hata kwa wasio na leseni ya redio. Kipimo kinachopishana mno na vya majirani hutiliwa shaka.

Bruninga alifariki Februari 2022. Kituo cha anga za juu cha kimataifa bado kina redio ya kurudia ujumbe wa namna hii, kwenye megahezi 145.825. Kulikuwa pia na PCSAT, setilaiti iliyoundwa na wanafunzi wake na kurushwa kutoka Kodiak, Alaska, tarehe 30 Septemba 2001, antena zake zikiwa utepe wa chuma wa kupimia wa fundi seremala. Betri zilipochoka, ikawa inaamka ikiota jua na kuzimika ikiingia kivulini.